Cheo ni Dhamana ya Nani?

Katika mambo ambayo sisi wananchi wa kawaida huyaacha yapite bila kuyatafakari, mojawapo ni namna makampuni makubwa yanavyowapata wakuu wao. Tukisikia redioni kwamba kampuni fulani imepata Mkurugenzi Mkuu mpya, twageuza stesheni tukatafuta mpira. Twaona hayo ni mambo ya wenye hisa na mabenki yao. Wabunge wakichaguliwa tunapanga foleni tangu alfajiri. Diwani akichaguliwa tunagombana hata ndugu wakaacha kuzikana. Lakini mtu ambaye uamuzi wake waweza kuwa sababu ya ndege tuliyopanda kutua au kutotua, au ya dawa tuliyomnunulia mtoto kuponya au kutoponya, huyo huchaguliwa na watu kumi na ushei ndani ya chumba kilichofungwa, nasi hatuulizi hata jina lake.

Ndugu msomaji, nataka tuliulize swali hilo kwa utulivu: mkuu anayefaa wa kampuni kubwa ni mtu wa namna gani, na anamfaa nani? Sehemu ya kwanza ya swali imeandikiwa vitabu vingi vinavyouzwa katika viwanja vya ndege. Sehemu ya pili aghalabu huachwa, nayo ndiyo yenye uzito.

Tuchukue mfano wa kampuni moja mashuhuri, Boeing ya Marekani. Naichukua hiyo kwa sababu habari zake zimechunguzwa hadharani, mbele ya Bunge la nchi hiyo na mahakamani, na kwa sababu msiba wake ulifika hadi mlangoni kwetu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX, iliruka kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Haikumaliza dakika saba angani. Ilianguka karibu na mji wa Bishoftu, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa. Wakenya walikuwa 32, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote. Miezi minne na siku kadhaa kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya shirika la Lion Air ilikuwa imetumbukia baharini huko Indonesia na kuua watu 189. Jumla ni roho 346.

Chanzo kikubwa kilifahamika baadaye. Ndege hiyo ilipewa injini kubwa kuliko za zamani, zikasogezwa mbele na juu kwenye bawa, jambo lililobadili tabia ya ndege angani. Ili kuirekebisha tabia hiyo, iliwekwa programu ya kompyuta yenye uwezo wa kuisukuma pua ya ndege chini. Programu hiyo ilitegemea kifaa kimoja tu kilichopima jinsi pua inavyoukabili upepo. Kifaa kikidanganya, programu nayo hudanganyika, ikaisukuma pua chini tena na tena huku rubani akivutana nayo. Na kabla ya ajali ya kwanza, kitabu cha marubani hakikuwaeleza kwamba programu hiyo ipo.

Wengi walipoyasikia haya walitoa jibu la haraka. Walisema kampuni ya wahandisi ilikabidhiwa kwa watu wa hesabu, na mwisho wake ndio huo. Jibu hilo lina ladha ya ukweli. Boeing ilianzishwa mwaka 1916 huko Seattle, na kwa miaka mingi wakubwa wake walikaa karibu na kiwanda. Mwaka 1997 iliungana na kampuni ya McDonnell Douglas. Mwaka 2001 ikahamisha makao makuu yake hadi Chicago, mbali sana na mahali ndege zilipoundwa. Mwaka 2005 ikampata James McNerney, mtu aliyesomea biashara na kulelewa katika kampuni ya General Electric. Wakati wake ndipo, mwaka 2011, ilipoamuliwa kwamba badala ya kubuni ndege mpya, ile ya zamani itiwe injini mpya upesi, kwa kuwa mshindani wao Airbus alikuwa amekwisha tangulia.

Hata hivyo, jibu hilo halisimami likichunguzwa. Aliyekuwa mkuu wakati wa muungano wa 1997, na wakati wa kuhamia Chicago, ni Phil Condit, naye alikuwa mhandisi wa ndege. Na aliyekuwa mkuu wakati ndege zote mbili zilipoanguka ni Dennis Muilenburg, mhandisi pia, aliyeingia katika kampuni hiyo mwaka 1985 akiwa kijana mwanafunzi na kupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akakikalia kiti mwaka 2015. Kama ujuzi wa kazi peke yake ungetosha, nani angefaa kuliko yeye? Aliijua ndege na aliijua nyumba. Basi ujuzi ni wa lazima, sikatai, maana asiyejua maana haambiwi maana. Lakini ujuzi hautoshi. Fundi naye akiketi kwenye kiti cha mbali, akawa anasomewa hesabu za kila robo mwaka, polepole masikio yake huzoea sauti moja.

Lipo jibu la pili, la wale wabishanao kuhusu mwenyeji na mgeni. Wengine husema mkuu atoke ndani, maana mgeni hajui mila za nyumba. Wengine hujibu kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Mifano ipo ya pande zote mbili. Mwaka 1993 kampuni ya kompyuta ya IBM ilikuwa taabani. Mwaka huo ilipata hasara ya dola zipatazo bilioni 8, na mipango ya kuigawa vipande ilikuwa mezani. Ikamwita Louis Gerstner, ambaye kampuni aliyokuwa akiiongoza iliuza biskuti na sigara. Watu walicheka. Lakini Gerstner aliwahi kuwa upande wa wateja wa IBM alipofanya kazi American Express, na alijua mteja anataka nini. Akakataa kuigawa, na kampuni ikapona. Kwa upande wa pili, mwaka 2010 kampuni ya Hewlett-Packard ilimchukua Léo Apotheker kutoka nje. Hakutimiza mwaka mmoja; Septemba 2011 akaondolewa. Iliripotiwa kwamba wajumbe wengi wa bodi walimpitisha bila hata kuwahi kukutana naye ana kwa ana.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Sisi huku tukitaka kumwoza binti, twatuma watu wakaulize ukoo, tabia, madeni na magonjwa ya mchumba. Mshenga akisifu mno, shangazi hukunja uso. Kumbe watu waliopewa kampuni yenye maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wanaweza kumpokea bwana arusi ambaye wengi wao hawajamwona! Kilichoitofautisha IBM na Hewlett-Packard hapo si ugeni wa mtu, kwa kuwa wote wawili walikuwa wageni. Ni uangalifu wa waliochagua.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mjadala wa mgeni na mwenyeji tuliuona katika kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya. Iliongozwa na Michael Joseph tangu mwaka 2000, ikiwa na wateja wasiozidi 20,000. Alipoondoka mwaka 2010 walikuwa wamezidi milioni 16, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilikuwa imebadili maisha ya mama muuza samaki pamoja na tajiri. Akafuata Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana. Huyu mwaka 2015 aliitangaza mali yake hadharani, jambo ambalo sheria haikumlazimisha mkuu wa kampuni kulifanya. Alipofariki Julai 2019 maombolezo yalikuwa makubwa kana kwamba amefiwa kila mwenye simu. Kisha pakawa na mabishano marefu: je, sasa si zamu ya Mkenya? Aprili 2020 Peter Ndegwa akashika usukani, Mkenya wa kwanza kukikalia kiti hicho kwa kudumu. Mimi nafurahi mwenyeji akiaminiwa nyumbani kwake. Lakini pasipoti haikueleza kwa nini watu walimlilia Collymore. Walilia kwa sababu waliona, kwa haki au kwa hisia, kwamba mtu yule alijihesabu kuwa na deni kwao.

Jibu la tatu ndilo linalotawala duniani, nalo ni kwamba anayefaa ni anayeleta faida. Sina ugomvi na faida. Kampuni isiyopata faida hufa, na ikifa hufa na mishahara ya watu. Tena wenye hisa si matajiri watupu. Wamo wastaafu ambao akiba zao zimewekwa humo. Ila faida ina kasoro moja: hutazama nyuma, na huona karibu. Kati ya mwaka 2013 na 2019 Boeing ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe, tendo ambalo hupandisha bei ya hisa na kuwafurahisha wenye nazo. Na mwanzoni mwa Machi 2019, siku chache tu kabla ya ndege ya Ethiopia kuanguka, bei ya hisa za Boeing ilikuwa imefikia kilele ambacho haikuwahi kufikia. Kwa kipimo cha faida, siku hizo ndizo mkuu wake alizokuwa bora kuliko wakuu wote waliomtangulia. Kipimo kinachompa mtu alama za juu kabisa wakati kasoro ile ile iliyoua watu 189 ingali inaruka angani, kipimo hicho kinaacha kupima kitu kikubwa.

Basi kitu hicho ni kipi? Waliokua enzi za TANU wanaikumbuka ahadi ya mwanachama iliyosema cheo ni dhamana. Tuliikariri shuleni hata ikapoteza makali, kama kisu kinachonolewa kwa mdomo. Lakini neno dhamana ni zito. Mtu akishtakiwa, anayekwenda mahakamani kumdhamini hutia saini yake. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini ndiye atafutwaye. Katika chama cha akiba na mikopo, ukimdhamini mwenzako naye akashindwa kulipa, mshahara wako ndio unaokatwa. Ndiyo maana mtu akiombwa udhamini hulala akiwaza. Humchunguza mwombaji, huuliza majirani, humshauri mkewe au mumewe. Uangalifu huo hautokani na elimu. Unatokana na kujua kwamba jambo likiharibika, litamgusa.

Kwa hiyo cheo cha mkuu wa kampuni ni dhamana mara mbili. Yeye mwenyewe ameshikilia amana ya watu wengi, na waliomchagua wamemdhamini kwa watu hao. Tukilitazama hivyo, swali letu linageuka. Badala ya kuuliza tu ana sifa gani, tunauliza: akishindwa, nani atalipa?

Tuone ilivyokuwa. Muilenburg aliondolewa Desemba 2019. Hakupewa kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, lakini aliondoka na hisa na pensheni zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 60. Mwezi uliofuata, Januari 2020, kiwanda cha Spirit AeroSystems huko Wichita, kilichotengeneza viwiliwili vya ndege hizo, kilitangaza kupunguza wafanyakazi 2,800, kwa kuwa kazi ilikuwa imesimama. Aliyeshika kiti cha Muilenburg ni David Calhoun, ambaye alikuwa mjumbe wa bodi tangu mwaka 2009. Yaani mmoja wa waliochagua na waliopaswa kusimamia. Wenye hisa waliishtaki bodi katika mahakama ya Delaware, na jaji alieleza mwaka 2021 kwamba kabla ya ajali hizo bodi haikuwa na kamati yoyote iliyokabidhiwa jukumu la kusimamia usalama wa ndege. Kampuni iundayo ndege! Kesi ikaisha kwa suluhu ya dola milioni 237.5, na fedha hizo zikalipwa na makampuni ya bima.

Mdhamini, basi, hakulipa. Bima ilimlipia. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini hapa tembo hawakupigana hata kidogo. Walipeana mikono, na nyasi zikaumia vile vile.

Atatokea mtu aniambie kwamba nadai mengi mno. Kampuni ya watu zaidi ya 100,000, atasema, haiwezi kujulikana yote na kichwa kimoja. Mkuu hawezi kukagua kila msumari. Na ukiwatisha wakuu na wajumbe wa bodi kwa adhabu, watu wazuri watakikimbia cheo, kibaki kwa wasio na la kupoteza. Hoja hii ni ya haki, na haifai kupuuzwa. Nahodha hawezi kuwa chini kwenye ngama na juu kwenye usukani kwa wakati mmoja.

Lakini hakuna anayemdai nahodha akae kwenye ngama. Tunamdai ahakikishe kwamba maji yakiingia, baharia aliyeyaona hataogopa kupiga kelele. Januari 2020 ujumbe ambao wafanyakazi wa Boeing waliandikiana ulitolewa hadharani, ukaonyesha kwamba wapo waliokuwa wakiidhihaki ndege hiyo na kuwadhihaki walioisimamia. Maana yake, habari zilikuwamo nyumbani. Zilizunguka vyumba vya chini kwa mzaha na manung'uniko, hazikupanda ngazi. Kutojua kwa mkuu kukitokana na mambo kuwa mengi, ni udhaifu wa kibinadamu. Kukitokana na ngazi kujengwa hivi kwamba habari njema tu ndizo zinazopanda, kutojua huko kumetengenezwa, na aliyekitengeneza kitu hawezi kukitoa kama udhuru.

Na hata hilo tuliache. Baada ya ajali ya Indonesia, habari zilikuwa zimekwisha panda ngazi. Kifaa kimejulikana, programu imejulikana, na kampuni ilianza kutayarisha marekebisho. Katika miezi ile minne palihitajika mtu wa kusema neno moja: simamisheni. Zisiruke mpaka tumalize. Neno hilo halikuhitaji shahada ya uhandisi wala ya biashara. Lilihitaji mtu aliye tayari kuona bei ya hisa ikiporomoka kwa mkono wake mwenyewe, bodi ikimnunia, na mshindani akimcheka. Halikusemwa. Ndege zikaendelea kuruka mpaka ya pili ikaanguka, na ndipo serikali za dunia zikazisimamisha, moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo ninapoona sifa iliyo kuu, nayo haipatikani kwa kusoma wasifu wa mtu. Anayefaa ni yule ambaye, pale faida na uhai zinapovutana, ataweza kulipa gharama kabla hajalazimishwa. Mtu wa namna hiyo hutambulikanaje? Si kwa kumwuliza kama ni mwaminifu. Hakuna anayejibu hapana. Ningeuliza mambo mengine. Je, lini alisimamisha kazi iliyokuwa ikileta fedha, na ilimgharimu nini? Walio chini yake walipomletea habari mbaya, kiliwapata nini: walipandishwa cheo, au walihamishiwa mbali? Na ningeyapeleka maswali hayo kwa dereva wake, karani wake na msimamizi wa zamu ya usiku kabla ya kuyapeleka kwa wakubwa wenzake, kwa maana mtu huwaonyesha wakubwa uso, na wadogo huwaonyesha kisogo.

Lakini maswali mazuri hayatafaa kitu kama anayeuliza halali akiwaza. Ndiyo maana nasema marekebisho hayaanzi kwa mkuu. Yanaanza kwa wanaomchagua. Mjumbe wa bodi na awe mdhamini wa kweli. Posho yake na hisa zake zishikiliwe miaka mingi baada ya uchaguzi, ili zikatwe likitokea lililopaswa kuonekana. Jina lake liandikwe kando ya jina la mtu aliyempitisha. Bima isimlipie uzembe wake wote. Abakiziwe sehemu inayouma. Wapo watakaokataa ujumbe kwa masharti hayo. Hao ni sawa na mtu anayekataa kumdhamini asiyemjua. Tumshukuru kwa kusema mapema.

Boeing yenyewe mnamo Julai 2024 ilimchagua mkuu mwingine, Kelly Ortberg, mhandisi aliyekuwa amekwisha staafu, naye akaamua kuishi Seattle, karibu na viwanda. Watu wamelisifu jambo hilo, na ni la kusifiwa, kwa maana jicho la mwenye shamba lina faida yake. Ila tusirudie pupa ya jibu la kwanza. Tumekwisha ona mhandisi kwenye kiti kile. Kukaa karibu na kiwanda hufaa tu kama unaowakaribia wana ruhusa ya kukuambia usilotaka kusikia.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Marekani peke yake. Meneja wa chama cha ushirika, mkuu wa shirika la maji, mwenyekiti wa kampuni ya mabasi yanayokimbizana usiku: wote huchaguliwa na watu fulani, na mara nyingi watu hao ni sisi, au ni jamaa tunaoweza kuwauliza. Safari ijayo jina likiletwa mbele yetu kwenye mkutano, na sifa zikasomwa, na makofi yakaanza, pasipungue mtu mmoja wa kunyoosha mkono na kuuliza: ni nani kati yetu anayemdhamini huyu, na akianguka, atatoa nini? Mkutano utanyamaza kidogo. Kimya hicho kitatufaa kuliko makofi.